Maporomoko Yasiyoonekana: Matembezi ya Shimo la Mungu Kama Somo la Sayansi

Mgeni afikapo Newala hakosi kupelekwa Shimo la Mungu. Hapo, pembezoni mwa mji, Uwanda wa Makonde unakatika ghafula. Ardhi inashuka kwa mteremko mkali uliovikwa vichaka, na macho yanapita juu ya bonde la Ruvuma hadi nchi ya Msumbiji. Mgeni hutazama, hustaajabia ukubwa wa bonde, kisha hurudi mjini. Iwapo ametoka Uluguru au Kilimanjaro, ambako mlima wenye msitu huwa na vijito vyake, huenda akauliza swali moja kabla ya kuondoka: mbona genge refu namna hii halina maporomoko ya maji?

Swali hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Mvua hunyesha Newala kama inavyonyesha kwingineko kusini mwa nchi yetu. Kwa wastani ni milimeta 1,000 hivi kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Kimo cha kuporomokea kipo. Msitu upo. Kinachokosekana ni maji yenyewe, na mwanafunzi atakayeweza kueleza yamekwenda wapi atakuwa ameifahamu nchi yake kuliko aliyekariri kurasa kumi za kitabu.

Makala haya yanakusudia kutoa rai mbili. Ya kwanza ni kwamba njia itokayo kwenye ukingo wa uwanda, kupitia vichaka vya asili, hadi kwenye chemchemi zilizo chini, yafaa ihesabiwe na shule za Masasi na Newala kuwa maabara yao, wala si mahali pa matembezi ya mwisho wa muhula tu. Rai ya pili ni kwamba vichaka vya mteremko huo vinastahili kulindwa kwa sababu za kweli, zilizopimwa, badala ya misemo tunayowakaririsha watoto pasipo kuichunguza.

Mwamba unaokataa maji

Ni vyema safari ianzie Masasi. Mji huo umezungukwa na milima ya mwamba mtupu, yenye mabega ya duara, iliyochomoza katika nchi tambarare mfano wa visiwa baharini. Mfano huo wa visiwa si wetu peke yetu. Mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka sehemu hizi za kusini katika miaka ya 1890, aliitafutia milima ya namna hii jina katika kitabu chake cha mwaka 1900: aliiita Inselberg, maana yake mlima-kisiwa. Leo neno hilo hutumiwa na wanajiografia wa dunia nzima, na ile milima yenye umbo la kuba imepewa jina lake mwenyewe Bornhardt. Wanafunzi wetu hulikuta neno hilo vitabuni na kudhani kwamba ni jambo la mbali, ilhali lilizaliwa kutokana na milima ya kusini mwa nchi yao.

Mwamba wa milima hiyo ni naisi, jiwe gumu lililoumbika chini sana ardhini kwa joto na mgandamizo mkubwa, na umri wake unazidi miaka milioni 500. Ardhi laini iliyoufunika na kuuzunguka iliondolewa na mvua na mito kwa muda mrefu mno, wenyewe ukabaki. Mwamba huu hauna vinyweleo vya kupitisha maji, isipokuwa katika nyufa. Kwa hiyo mvua kubwa inaponyesha Masasi, maji hayana pa kuingia. Huteleza juu ya jiwe, hukusanyika katika mifereji iliyochongwa na maji ya miaka mingi, na kwa kitambo kifupi mlima huonekana una michirizi myeupe. Hayo ni maporomoko ya maji ya kweli, ila uhai wake hauzidi sana uhai wa mvua yenyewe. Mwanafunzi mwenye saa anaweza kusimama kwenye veranda ya darasa akapima: mvua imekoma saa ngapi, na michirizi imekoma saa ngapi?

Somo la kwanza ndilo hilo. Pale ambapo ardhi inayakataa maji, maji huonekana mara moja na hupotea mara moja.

Mchanga unaomeza maji

Kutoka Masasi barabara ya Newala huelekea mashariki na kupanda uwandani. Atazamaye udongo kando ya barabara ataona kwamba nchi imebadilika. Miamba ya naisi haionekani tena. Mahali pake pana mchanga mwingi, mara nyingi mwekundu, na chini yake matabaka ya jiwe la mchanga. Matabaka hayo wanajiolojia huyaita Matabaka ya Makonde. Yalitandazwa na mito katika zama ziitwazo Kretasia, zama za mijusi mikubwa iliyotoweka. Baadaye nchi iliinuliwa na kuinamishwa kidogo, hata leo uwanda una kimo kikubwa upande wa Newala na hushuka polepole kuelekea bahari.

Mchanga una tabia iliyo kinyume cha mwamba wa Masasi. Chembe zake ni kubwa na kati yake pana nafasi. Tone la mvua likianguka juu yake huzama. Ndiyo maana juu ya uwanda hakuna mito, na mtu anaweza kusafiri mchana kutwa asivuke kijito chenye maji. Mvua haijapotea. Imeshuka wima, ndani ya uwanda wenyewe, hadi ilipokuta tabaka la udongo wa mfinyanzi au jiwe lisilopitisha maji. Hapo hulazimika kwenda upande, na mahali ambapo tabaka hilo linakatwa na mteremko, maji hutoka nje. Hizo ndizo chemchemi zinazopatikana chini ya kingo za uwanda: upande wa Newala, upande wa bonde la Kitangari, na vivyo hivyo upande wa Ndanda, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1906.

Kwa hiyo jibu la yule mgeni ni hili: maporomoko yapo, lakini yako ndani ya mlima. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yana kimo kinachozidi meta 200, na maji yake huanguka kwa muda wa sekunde chache. Maji ya Newala hushuka kimo kisichopungua hicho, lakini hupenya kati ya chembe za mchanga, na safari yake yaweza kuchukua miezi au miaka. Mwendo huo wa polepole ndio unaofanya chemchemi itoe maji mwezi Oktoba, wakati ambapo mvua ya mwisho imekwisha kusahauliwa. Mwamba wa Masasi hutumia mvua yote siku iyo hiyo. Mchanga wa Newala huweka akiba.

Tuitazame akiba hiyo kwa hesabu. Mvua ya milimeta 1,000 juu ya hekta moja ni meta za ujazo 10,000, yaani lita milioni 10. Sehemu kubwa hurudi hewani kwa kunyweka na mimea na kugeuka mvuke. Tuchukulie, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba sehemu moja katika kumi huzama hata ikazifikia chemchemi. Hizo ni lita milioni moja kutoka hekta moja, sawa na madebe 50,000 ya lita 20. Je, sehemu ya kweli ni moja katika kumi, au ni kubwa zaidi, au ni ndogo zaidi? Hilo ndilo swali la kisayansi, na jibu lake halimo katika kitabu cha kiada.

Njia iliyopandwa kwa debe

Tunaposema matembezi, tusisahau kwamba njia hizi za mteremko hazikuchongwa na watembezi. Zilichongwa na nyayo za wanawake na wasichana waliokuwa wakishuka kutafuta maji na kuyapandisha kichwani. Mtaalamu wa mila na desturi kutoka Leipzig, Karl Weule, alikaa Masasi na Newala mwaka 1906, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 alieleza jinsi watu wa uwandani walivyoishi mbali na maji na kuyafuata chini ya genge.

Kwa nini watu walichagua kukaa mahali pasipo na maji? Weule aliandika masimulizi aliyoyapata kwa Wamakonde wenyewe. Hapo kale mtu mmoja aliyekuwa akiishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, na sanamu ikageuka mwanamke. Mtoto wao aliyezaliwa karibu na mto hakuishi. Wakahama, wakapanda, na walipofika juu uwandani walipata mtoto aliyeishi. Tangu hapo wakausiana kutokaa mabondeni karibu na maji makubwa. Ipo sababu nyingine iliyo wazi zaidi katika historia: vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni, na wamisionari waliokuwa hapo walihamia Newala.

Mwalimu wa sayansi asiyapuuze masimulizi kama hayo. Ndani yake mna dai linaloweza kupimwa: kwamba watoto walikufa zaidi mabondeni kuliko juu. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na tunajua kwamba viluwiluwi vya mbu huhitaji maji yaliyotuama. Uwanda wa mchanga, usio na dimbwi linalodumu, huwanyima mbu mahali pa kuzalia. Haifai kusema kwamba wazee walijua habari za vimelea. Yatosha kusema kwamba waliona jambo, wakalihifadhi katika hadithi, nasi tunaweza kulichunguza.

Afya hiyo, hata hivyo, ililipiwa kwa jasho. Tuchukulie msichana mwenye uzito wa kilo 50, anayepandisha debe la kilo 20 kimo cha meta 300. Kazi ya kuinua maji peke yake ni 20 × 9.8 × 300, yaani jouli 58,800. Lakini hana budi kuinua na mwili wake: 50 × 9.8 × 300, jouli 147,000. Jumla ni jouli 205,800. Misuli ya binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Kwa hiyo mwili hutumia jouli 823,200, au karibu kilokalori 200. Hicho ni kiasi kinachopatikana katika gramu 55 hivi za unga wa mahindi, kabla ya kuhesabu safari ya kushuka. Tazama kwamba sehemu kubwa ya chakula hicho haikuyainua maji, ilimwinua mchotaji. Zoezi hili la kidato cha pili linaeleza kwa nini wasichana wengi wa zamani hawakuwa na nguvu wala nafasi ya kwenda shule.

Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, ambao hupandisha maji kwa pampu kutoka chini ya uwanda hadi juu. Visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Katika miaka ya 1970 Ufini ilisaidia kutayarisha mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi na kuchimba visima vingi. Pampu zimemwondolea msichana mzigo wa kichwani, lakini hazikuifuta sheria ya fizikia. Kuinua meta moja ya ujazo kimo cha meta 300 kunahitaji jouli 2,940,000, ambazo ni kilowati-saa 0.82, na ikiwa pampu na mabomba hupoteza nusu ya nishati, zitahitajika zaidi ya kilowati-saa 1.6. Gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Pampu inaponyamaza, au chanzo kinapojaa mchanga uliosombwa kutoka mteremkoni, debe hurudi kichwani na msichana hurudi njiani. Hapo ndipo habari ya msitu inapoacha kuwa habari ya mandhari.

Je, miti huleta maji?

Katika mbao nyingi za matangazo, na katika midomo ya wanafunzi wetu, mna msemo kwamba msitu huleta mvua na kuongeza maji. Ni msemo wenye nia njema. Lakini sayansi haiwezi kuupokea jinsi ulivyo, na walimu wa sayansi wasiufundishe jinsi ulivyo.

Uchunguzi muhimu juu ya jambo hili ulifanywa hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki walipima kwa muda wa miaka kumi hivi mabonde mawili madogo katika milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili. La pili lilikuwa na mashamba ya wakulima. Walipima mvua iliyoingia na maji ya kijito yaliyotoka. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1979, yaliwashangaza wengi: bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi kuliko bonde la msitu, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba miti ina mizizi mirefu na majani mwaka mzima. Hunywa maji na kuyarudisha hewani kwa wingi kuliko mahindi. Nao udongo wa Mbeya, uliotokana na majivu ya volkano, hupitisha maji upesi hata ukilimwa, kwa hiyo mvua iliendelea kuzama na mmomonyoko ulikuwa mdogo.

Je, basi tukate vichaka vya Newala ili chemchemi ziongezeke? La hasha. Matokeo ya Mbeya hayasemi hivyo. Yanasema kwamba jibu hutegemea udongo, na kwamba halipatikani pasipo kupima. Juu ya uwanda, mahali palipo tambarare na penye mchanga mwingi, huenda mvua ikazama chini ya mkorosho karibu sawa na inavyozama kichakani. Mteremkoni mambo ni mengine. Mchanga usio na mizizi wala majani makavu ya kuufunika hauna cha kuushika. Matone makubwa huupiga uso wake na kuuziba kwa chembe ndogo. Maji yanayoshindwa kuzama hukusanyika, hupata kasi, na kuchimba korongo. Korongo likianza halirudi nyuma kwa hotuba. Hupanda kila masika kuelekea juu, hula njia, shamba na nyumba, na mchanga wake hushuka kuzifukia chemchemi zile zile tunazozitegemea.

Kwa hiyo sababu ya kweli ya kuulinda msitu wa mteremko si kwamba unatengeneza maji. Ni kwamba unaushika mlango ambao maji hutokea. Mkulima wa Newala ni mtu mwenye akili na macho. Ukimwambia kwamba miti yake huleta mvua, naye ameona miaka ya ukame msitu ukiwapo, hatakuamini tena hata utakaposema kweli. Ukimwonyesha korongo lililoanzia mahali palipofyekwa, na chemchemi iliyojaa mchanga chini yake, hatahitaji ubao wa matangazo.

Kichaka ni msitu?

Lipo jambo la pili ambalo matembezi haya yanaweza kufundisha. Mgeni anayetafuta msitu wa asili wenye miti mirefu kama ya Usambara hukata tamaa akiona vichaka vya Makonde. Ni vizito, vimesukana kwa mitambaa, na mtu hawezi kupita bila panga. Hudhani kwamba ni pori la ovyo lililobaki baada ya msitu wa kweli kwisha.

Clement Gillman, mhandisi na mwanajiografia, aliandika mwaka 1945 juu ya kilimo cha kupumzisha ardhi katika Uwanda wa Makonde. Mkulima alifyeka kichaka, akalima misimu michache, kisha akaiacha ardhi irudie kichaka kwa miaka mingi kabla ya kuilima tena. Kichaka hakikuwa uchafu wa shamba. Kilikuwa mbolea yake na akiba yake. Vichaka vingi vya uwandani vimepita mikononi mwa watu namna hii, kwa hiyo ni vya asili kwa mimea yake, lakini historia yake ni ya kibinadamu. Humo mna mkongo, mna mbungo, ule mtambaa wenye utomvu uliouzwa kama mpira katika biashara ya pwani ya karne ya 19, na mna mimea mingi ambayo majina yake hayajulikani ila kwa wazee wa Kimakonde na waganga. Misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki huhesabiwa na wataalamu miongoni mwa maeneo ya dunia yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingine. Katika Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, yuko komba mdogo aliyeelezwa kisayansi katika miaka ya 1990 tu na kuitwa komba wa Rondo. Anajulikana katika misitu michache sana nchini mwetu.

Mfumo ule wa kupumzisha ardhi umebadilishwa na mkorosho. Mti huu, ambao asili yake ni Brazili, hudumu shambani miaka mingi na haukipi kichaka nafasi ya kurudi. Umewapa watu wa Masasi, Newala na Tandahimba mapato ambayo hakuna mwenye haki ya kuyadharau: katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na katika msimu wa 2017/18 ilivuna zaidi ya tani 300,000. Si nia ya makala haya kumlaumu mkulima wa korosho. Nia ni kusema kwamba, maadam juu ya uwanda pamejaa mikorosho, vichaka vya kingo na miteremko ndivyo mabaki ya uoto wa asili uliokuwa umeufunika uwanda wote. Na kwa bahati njema ndipo hasa mkorosho unapostawi kwa shida na korongo linapoanza kwa urahisi. Kulinda mteremko hakumnyang'anyi mkulima shamba lake bora.

Yafaa yafanyike nini

Shule iliyo karibu na ukingo haihitaji fedha nyingi ili kuigeuza njia hii kuwa maabara. Inahitaji mambo manne.

Kwanza, kipimamvua. Chupa yenye kuta zilizonyooka, mpare na rula vyatosha, mradi vipimo viandikwe kila asubuhi saa ile ile, na daftari lipokewe na kidato kinachofuata pale wa kwanza wanapohitimu.

Pili, kipimo cha chemchemi. Ndoo ya ujazo unaojulikana na saa vyatosha: imejaa kwa sekunde ngapi? Kipimo kimoja kila mwezi, kwa miaka mitano, kitaonyesha chemchemi hukawia muda gani baada ya mvua kabla ya kuongezeka, na hivyo maji hutumia muda gani katika yale maporomoko yasiyoonekana.

Tatu, kipimo cha kuzama. Kopo lililokatwa pande zote mbili hudidimizwa kidogo ardhini, lita moja ya maji humiminwa ndani, na muda wa kuzama huandikwa. Ifanyike kichakani, chini ya mkorosho, shambani na juu ya njia iliyokanyagwa, juu ya uwanda na mteremkoni pia. Matokeo yasipolingana na yaliyosemwa katika makala haya, yaandikwe vile vile, wala yasipindwe kumpendeza mwalimu wala mwandishi.

Nne, daftari la majina. Wanafunzi waende na mzee anayeijua mimea, waandike jina la kila mti kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na matumizi yake. Jina likipotea, mara nyingi ujuzi hupotea pamoja nalo.

Wapo watakaosema kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za Shimo la Mungu. Ni kweli. Lakini huuliza kazi na nishati, miamba na udongo, mzunguko wa maji, malaria, na mwingiliano wa viumbe na mazingira yao. Na mada hizi zote zimo katika njia ya nusu siku. Wengine watasema kwamba mteremko ni wa hatari. Hilo nalo ni kweli, na mwalimu asiende bila mwenyeji, asishuke wakati wa masika, na asisahau kwamba jasho la kupanda saa nane mchana si sawa na la asubuhi. Tena vipo vichaka vinavyotumika kwa jando na unyago, na makaburi ya wazee. Huko hakupitwi bila idhini. Kuomba idhini ni sehemu ya somo, kwa kuwa mtafiti asiyejua kubisha hodi hukosa nusu ya anachokitafuta.

Wapo pia wanaotaka ukingo wa Shimo la Mungu ufyekwe, ujengwe vibanda vya vinywaji na barabara ya magari ya watalii. Mapato ni jambo jema, na mandhari ile inastahili kuonwa na wengi. Lakini kila atakayejenga ukingoni aulizwe kwanza maji ya paa lake na ya barabara yake yatashukia wapi. Paa na lami ni mwamba wa Masasi ulioletwa Newala: huikataa mvua. Maji yaliyozoea kuzama yatatafuta njia juu ya mchanga, nayo yatakuwa maporomoko yanayoonekana, yenye kusomba genge lenyewe. Hilo si pambo ambalo Newala inalihitaji.

Walimu wa Masasi na Newala wana jambo ambalo shule nyingi zenye maabara nzuri hazina: mwamba unaoyakataa maji na mchanga unaoyameza, katika wilaya mbili zinazopakana. Kipimamvua kikitundikwa kabla ya mvua za Desemba, daftari la kwanza litakuwa na msimu mzima ifikapo Mei, na shule zitakazobadilishana madaftari hayo zitakuwa zimeanza kulijibu swali la mgeni kwa tarakimu zao wenyewe.